Yule mjusi mkubwa wa Lindi aliyeko Ujerumani, ni kweli alikuwa mnyama mkubwa kuliko wote duniani?

Babake Zulfa

Wakuu habari za jioni, poleni na mihangaiko. Mimi ni fundi seremala hapa Mbagala, nina binti yangu yuko darasa la nne. Juzi katoka shule kaja moja kwa moja karakana kanikuta napiga randa mlango, akakaa pale kwenye maranda akaniuliza baba eti hapa Tanzania alikuwepo mnyama mkubwa kuliko matembo matano ukiyaweka pamoja? Nikamuuliza kakwambia nani, akasema wameambiwa kuna mjusi alichimbwa Lindi akapelekwa Ujerumani na ndo mnyama mkubwa kuliko wote waliowahi kuishi duniani.

Sasa hii habari ya mjusi wa Tendaguru nimeisikia toka niko mdogo, nafikiri kila Mtanzania kaisikia, lakini nilipotaka kumweleza zaidi ya hapo nikakwama, nikamwambia mwanangu subiri nikuulizie kwa watu wanaojua. Na yule akiuliza kitu hasahau, kila siku ananikumbusha.

Naomba mnisaidie, kwanza ni mnyama wa kweli au mifupa imeundwa tu maana jirani yangu hapa anabisha sana, halafu ni kweli alikuwa mkubwa kuliko hata nyangumi, na ile mifupa aliyeikuta nani maana sisi tunasikia tu Wajerumani walichukua basi inaishia hapo, na mwisho je aliishi na watu au watu walikuwa bado. Mnieleze kwa namna ambayo na mimi naweza kumweleza mtoto wa miaka tisa akaelewa. Natanguliza shukrani.

Mmwera wa Milola

Babake Zulfa hongera sana kwa kutompuuza mtoto. Mimi kwetu ni Lindi vijijini kwa hiyo niruhusu niandike kirefu, hii habari naipenda na pia inaniuma.

Mnyama ni wa kweli kabisa. Kilima cha Tendaguru kiko kaskazini magharibi ya Lindi mjini, mwendo wa kama kilomita 60, ukienda siku hizi unapita Mipingo kwa pikipiki halafu unaingia porini. Mwaka 1906 kuna mhandisi wa Kijerumani anaitwa Bernhard Sattler alikuwa anazunguka kutafuta madini akakuta mfupa mkubwa umetokeza ardhini. Wenyeji walikuwa wanapita hapo siku zote na mifupa wanaiona, yeye ndo aliyepeleka taarifa kwa Wajerumani wenzake. Mwaka uliofuata akaja profesa mmoja Eberhard Fraas akaangalia akaona huu si mchezo, halafu kuanzia 1909 mpaka 1913 makumbusho ya Berlin wakaleta msafara mkubwa, wakubwa wake walikuwa Werner Janensch na Edwin Hennig, msimu wa mwisho akaja Hans Reck, huyo huyo aliyeenda kuchimba Olduvai 1913.

Sasa hapa ndo nataka umwambie Zulfa vizuri. Ukimwambia "Wajerumani walichimba" utakuwa umemwambia nusu. Walioshika sururu na majembe ni watu wa kusini, babu zetu, kuna msimu walifika karibu watu 500 kwenye kile kilima kimoja. Na kumbuka ni wakati gani huo, vita vya Majimaji ndo vimeisha 1907, mashamba yamechomwa, njaa imefagia watu vijiji vizima, mtu anakwenda kuchimba mifupa ili apate ujira wa kulisha waliobaki. Mfupa wenyewe umekaa ardhini mpaka umekuwa jiwe lakini jiwe lenye nyufa, ukiukosea unasambaratika, kwa hiyo walikuwa wanaufukua taratibu, wanaukandika udongo au plasta, halafu wanausukia mianzi iliyopasuliwa kuuzunguka kama unavyosuka tenga, unakazwa kamba. Hapo sasa unabebwa. Mizigo midogo kichwani, mikubwa mzegazega watu kadhaa kwenye mti mmoja, siku nne kwa miguu mpaka bandarini Lindi. Hakuna gari wala punda, kule kusini ndorobo ilikuwa inaua wanyama wa mizigo. Jumla iliyosafirishwa ni zaidi ya tani 200, na zote zilipita mabegani na vichwani mwa watu.

Bibi yangu mzaa baba alikuwa anasimulia kwamba baba yake "alibeba mawe ya Wajerumani mpaka Lindi". Sisi watoto tulikuwa tunajua ni mawe kweli, ya kujengea boma labda. Nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima kwamba bibi alikuwa anazungumzia mifupa, maana kwa aliyebeba lile lilikuwa jiwe.

Na wapo wanaojulikana kwa majina. Boheti bin Amrani, huyu alikuwa msimamizi na fundi mkuu wa kuandaa mifupa pale kilimani, alikuwa na jicho, anajua huu wa nani na huu wa nani. Mwaka 2007 kuna dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina Australodocus bohetii kwa heshima yake. Halafu 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia keranjei, hapo jina la kabila letu la Wamwera limo, na keranjei ni kwa ajili ya Mohammadi Keranje aliyekuwa mmoja wa watu wa ile kazi. Imechukua miaka mia moja lakini majina yameingia vitabuni. Mwandikie mtoto hayo majina kwenye daftari.

Baada ya vita ya kwanza Waingereza nao walikuja kuchimba hapo hapo, kuanzia 1924 mpaka 1931. Kiongozi wao wa kwanza William Cutler alikufa kwa malaria Lindi 1925, na kijana aliyekuja naye mwanzoni alikuwa Louis Leakey, huyu Leakey mnayemsikia wa Olduvai.

Nilifika kilimani mara moja, tulitembea kwenye nyasi zinanipita kichwa, mashimo yote yamefunikwa na miti, pembeni watu wamelima ufuta. Mzee aliyenipeleka akainama akaokota kipande kidogo kama cha kigae akanionyesha, kwa pembeni kimekatika ukikiangalia kwa karibu kina vitundu vitundu kama mkate. Akaniambia huu ni mfupa. Akakirudisha pale pale alipokitoa, akakigeuza hadi kikalala kama kilivyokuwa.

Mtu wa Tandika

Mkuu Mmwera nimekusoma na nakuheshimu ila mimi bado nina shaka. Huko kusini matembo yalikuwa mengi tangu enzi, Selous hiyo hapo. Mfupa wa tembo wa zamani ukikaa ardhini ukawa jiwe mtu si anaweza kusema ni wa mnyama mwingine? Sibishi kwa ubaya nataka kuelewa.

Mwalimu wa Baiolojia

Mtu wa Tandika swali lako ni zuri, na jibu lake unaweza kulipata kwa tepu tu. Mfupa wa juu wa mguu wa mbele, ule unaotoka begani kuja kwenye kiwiko, wa tembo dume mkubwa haufiki mita moja na nusu. Ule wa dinosaria wa Tendaguru una mita 2.13. Mfupa mmoja! Sasa tembo wa kubeba mfupa huo angekuwa na umbo gani, na pia pingili za shingo yake kila moja ni ndefu wakati tembo shingo yake ni fupi hata huioni. Ukiweka mifupa hiyo miwili mezani hata asiyesoma atakwambia hawa si ndugu.

Babake Zulfa nije kwenye maswali yako. Jina lake la kitaalamu ni Giraffatitan brancai. Zamani alikuwa anaitwa Brachiosaurus, Janensch ndo alimpa hilo jina mwaka 1914, baadaye wataalamu wakaona anatofautiana na yule wa Marekani wakamtenga. Hilo jina jipya ni kama kusema twiga jitu, kwa sababu miguu yake ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, mgongo umeteremka kama wa twiga na shingo imenyanyuka juu. Aliishi kama miaka milioni 150 iliyopita. Mifupa iliyosimamishwa kule Berlin ina urefu wa mita 13.27 kwenda juu, hilo ni ghorofa nne, na ndo mifupa ya dinosaria iliyosimama juu kuliko yote iliyoko kwenye makumbusho duniani. Uzito wataalamu wengi wanaukadiria tani 30 hadi 40, tembo wa kawaida dume ni tani 6, kwa hiyo hesabu ya Zulfa ya matembo matano iko sawa kabisa, mpe hongera.

Lakini kusema ndo mkubwa kuliko wote waliowahi kuishi, hapo hapana. Kule Argentina kuna waliokuwa wakubwa zaidi, mmoja ni Patagotitan aliyetangazwa 2017 ana urefu wa kama mita 37 toka pua mpaka mkia. Na juu ya wote hao kwa uzito yupo nyangumi wa buluu, anafika mita 30 na uzito unapita tani 150. Na huyu si wa kale, yuko hai leo hii wakati tunaandika hapa. Mimi huwa nawaambia wanafunzi wangu, sisi tunaishi zama moja na mnyama mzito kuliko wote wanaojulikana, moyo wake peke yake uliopimwa ulikuwa na kilo kama 180.

Kwa nini nyangumi kawapita, ni kwa sababu ya maji. Maji yanambeba. Wa nchi kavu anabebwa na miguu yake mwenyewe, na ukimkuza mnyama mara mbili kwa urefu, mara mbili kwa upana na mara mbili kwa kimo uzito wake unakuwa mara nane, lakini unene wa mguu kwa kuukata unaongezeka mara nne tu. Kwa hiyo kila akikua mguu unazidiwa. Ndo maana nyangumi akikwama ufukweni uzito wake mwenyewe unambana kifua.

Sasa hawa wa Tendaguru waliwezaje? Hapo mimi ndo napapenda. Mifupa yao ya shingo na mgongo ndani ilikuwa na mapango ya hewa, mifuko ya hewa inatoka kwenye mapafu inaingia mpaka ndani ya mfupa, kama ilivyo kwa ndege. Shingo ndefu lakini nyepesi. Halafu hawakutafuna, meno yao ni ya kukwanyua majani na kumeza, kazi ya kusaga inafanyika tumboni siku nyingi. Mnyama asiyetafuna hahitaji kichwa kizito chenye mataya mazito, na kichwa kikiwa kidogo shingo inaweza kurefuka. Shingo ikirefuka anasimama sehemu moja anakula miti yote iliyomzunguka bila kupiga hatua. Unaona kitu kimoja kinavyovuta kingine?

Na mwisho, sisi tumezoea kumwita mjusi na si vibaya kwa mazungumzo, lakini mwambie mtoto kwamba mjusi miguu yake imetanuka pembeni, dinosaria miguu yake ilikuwa imesimama wima chini ya mwili kama nguzo. Kuku anayeparua hapo nje kwenu ana undugu wa karibu zaidi na dinosaria kuliko mjusi kafiri aliyeko ukutani.

Asha wa Berlin

Jamani mimi niko hapa Berlin na huyo mnyama nimemwona kwa macho yangu, nimeenda mara tatu. Unapanda treni ya chini namba U6 unashuka stesheni ya Naturkundemuseum unatembea kidogo tu. Mara ya kwanza nilienda nimetoka zamu ya usiku, nafanya kazi ya kuhudumia wazee, nilikuwa na usingizi lakini nikasema leo sirudi nyumbani bila kumwona.

Ukiingia tu ukumbi wa kwanza yuko hapo. Paa ni la kioo, mwanga unaingia kutoka juu, na yeye amesimama katikati kichwa kiko karibu na kioo. Nilisimama karibu na mguu wake wa mbele pale kwenye uzio, mimi si mfupi sana lakini kichwa changu hakifiki kwenye kiwiko chake. Mifupa ni ya kahawia iliyokolea, kama mti wa mninga uliopigwa mafuta, na unaona kabisa nyufa zilipounganishwa. Nilisoma kibao nikaona Tendaguru, Tanzania. Nilisimama hapo muda mrefu sijui hata niliwaza nini, kulikuwa na watoto wa shule wanapiga kelele na mimi machozi yananitoka tu.

Babake Zulfa kwa kuwa jirani yako anauliza kama imeundwa, nikwambie ukweli wote. Miguu na sehemu nyingi ni mifupa yenyewe ya Lindi, ila pingili za shingo na za mgongo zilizowekwa juu ni za kuigiza kwa sababu zile halisi ni nzito na ni rahisi kuvunjika, wamezihifadhi. Na pia si mnyama mmoja mzima, mwili mwingi ni wa mmoja halafu palipopungua wamejazia kutoka kwa wengine waliochimbwa hapo hapo. Alisimamishwa mara ya kwanza 1937, halafu miaka ya 2005 hadi 2007 wakamshusha wote wakamsimamisha upya, maana mwanzo walimweka miguu ya mbele imetanuka kidogo na mkia unaburuza chini, sasa hivi miguu imenyooka na mkia uko hewani.

Na hayuko peke yake. Pembeni kuna Kentrosaurus naye wa Tendaguru, huyu si mkubwa sana, ana urefu wa mita kama nne na nusu, lakini ana mabamba mgongoni na kuanzia katikati mpaka mkiani ni miiba mirefu miwili miwili, Zulfa akimwona huyu atampenda zaidi. Na kuna jambo Mmwera utalipenda, mpaka leo ghalani kwao kuna mizigo ya Tendaguru ambayo haijafunguliwa, bado imo ndani ya ile mianzi. Mzigo mmoja niliuona kwenye picha, mianzi imekauka imekuwa rangi ya majani ya chai. Mikono iliyofunga ile kamba ni ya kwetu na fundo ni lile lile.

Mmwera wa Milola

Dada Asha umenifanya nisimame kidogo hapa nilipo. Ahsante sana. Fundo lile lile!

Suala la kurudishwa watu wamelizungumza sana hadi bungeni na najua kuna wanaosema tukirudishiwa tutaihifadhi wapi. Msimamo wangu ni kwamba mtoto wa Mipingo kumwona mnyama aliyetoka kwenye shamba la babu yake asihitaji viza. Kama haiwezekani kurudi yote basi Lindi pajengwe nyumba nzuri, iletwe baadhi ya mifupa halisi na hiyo mizigo ya mianzi ambayo haijafunguliwa ifunguliwe hapa na vijana wetu wa chuo waisomee hapa hapa. Hilo nalisema kwa moyo wote.

Dereva wa Kusini

Nimesoma yote. Babake Zulfa nimeona swali lako la kama aliishi na watu halijajibiwa vizuri, mimi naendesha basi Dar kwenda Lindi miaka kumi na mbili sasa acha nimpigie hesabu mtoto kwa barabara yangu.

Dar mpaka Lindi shika kilomita 450. Mwalimu kasema mnyama aliishi miaka milioni 150 iliyopita, kwa hiyo kila kilomita tatu ni miaka milioni moja. Posta ni leo, Lindi ndo siku aliyoishi yule mnyama, tunaondoka tunarudi nyuma. Binadamu kama sisi ana miaka kama laki tatu, hiyo haifiki hata kilomita moja, hujatoka mjini. Zinjanthropus wa Olduvai aliyeokotwa na Mary Leakey 1959 ana miaka milioni 1.75, hapo umetembea kilomita tano na kidogo, kwako Mbagala hujafika. Dinosaria walikwisha miaka milioni 66 iliyopita, hiyo ni kama kilomita 200, umeshavuka Daraja la Mkapa, Rufiji umeiacha nyuma, abiria wameshalala. Na kutoka hapo mpaka Lindi bado una nusu ya safari na zaidi, yote hiyo ni njia ya dinosaria watupu hakuna mtu hata mmoja.

Nikimbeba siku moja nitamwonyesha kwa kidole tukipita.

Jakisumu

Salamu kutoka Kenya ndugu zangu, mazungumzo mazuri sana haya. Kwa hesabu ya dereva kuna mmoja wetu anakaa kama kilomita 66, sijui ni wapi hapo kwa barabara yenu. Anaitwa Simbakubwa kutokaafrika, hilo ndilo jina lake la kisayansi hasa, Kiswahili kitupu, na lilitangazwa 2019. Mifupa yake ilichimbwa huku kwetu magharibi mahali panaitwa Meswa Bridge miaka ya mwisho ya sabini, ikawekwa ndani ya droo kwa makumbusho ya Nairobi ikakaa humo miongo kadhaa, mpaka watafiti Matthew Borths na Nancy Stevens wakafungua droo wakaona taya lenye meno makubwa kushinda ya simba yeyote.

Na ingawa anaitwa simba, si simba wala si fisi, ni kabila lingine la wala nyama ambalo lilikwisha kabisa bila kuacha mtoto. Alitembea hapa kama miaka milioni 22 iliyopita. Uzito wake bado wanabishania, wengine wanamweka kilo mia tatu hivi na wengine wanapanda mpaka kilo 1,500. Mimi hata ile ndogo inanitosha, hiyo ni zaidi ya simba dume wa Mara.

Hata nyinyi mko na wenu wa jina la Kiswahili, Mnyamawamtuka moyowamkia. Huyo alipatikana 2004 karibu na mto Mtuka kule upande wa Rukwa, pingili za mkia wake ukiziangalia kwa nyuma zina umbo la moyo, ndio maana ya moyo wa mkia. Huyo ni dinosaria wa shingo ndefu pia ila ni wa baadaye kuliko wa Lindi. Mfundishe Zulfa hayo majina mawili, atayasoma bila shida wakati watoto wa Ulaya wanang'ata ulimi.

Dereva wa Kusini

Kilomita 66 umeshapita Mkuranga ndugu yangu.

Mwambani

Na mimi niongeze la baharini. Mimi mvuvi, Tanga. Watu wakizungumza wanyama wa kale wanadhani wote ni mifupa, lakini sisi tuna mmoja anavuliwa hai, silikanti. Wataalamu walijua amekwisha pamoja na dinosaria mpaka 1938 akavuliwa Afrika Kusini, dada mmoja wa makumbusho Marjorie Courtenay-Latimer akamwona bandarini akamtambua kwamba huyu si samaki wa kawaida. Ukoo wake una miaka zaidi ya milioni 400, yani dereva hapo ukifika Lindi bado hujafika nusu ya njia.

Huku kwetu walianza kuingia kwenye jarife miaka ya 2003, 2004, tukitega chini sana kwa ajili ya papa. Wa kwanza niliyemwona alikuwa karibu urefu wangu, rangi ya buluu iliyoiva ina mabaka meupe kama chokaa iliyomwagika, magamba magumu ukimpapasa kinyume yanakukwaruza. Kilichonishangaza ni mapezi, hayajatoka kwenye mwili moja kwa moja kama changu au kolekole, yana kishina chenye nyama kwanza, kama kiganja kwenye mkono, na alivyokuwa anakata roho yalikuwa yanakwenda moja baada ya jingine kama mtu anayetambaa. Wazee walisema huyu msimle na kweli nyama yake ina mafuta mno inaharisha. Mwaka 2009 ikatengwa hifadhi ya bahari ya silikanti hapa Tanga. Siku hizi pakitegwa jarife kwenye miamba ya chini mimi nasema wazi, huyu samaki anazaa watoto wachache na anachukua miaka mingi kukua, ukimtoa mmoja humrudishi.

Babake Zulfa mlete mtoto Tanga siku moja.

Babake Zulfa

Wakuu nimerudi. Sijui niwashukuru vipi, nimewasoma wote mara mbili mbili, jana jioni nimemsomea binti mpaka mama yake akaja kukaa.

Aliposikia ule mfupa una mita 2.13 akaniambia baba pima. Nilikuwa na ubao wa mninga wa futi nane umeegeshwa pale, nikavuta tepu nikaweka alama ya penseli nikaukata hapo hapo, huo ubao ulikuwa wa kazi lakini nimeona nitatafuta mwingine. Tukausimamisha kwenye fremu ya mlango niliyokuwa namaliza, fremu zangu napiga mita 2.10, ubao ukagoma kupita umesimama. Zulfa akauangalia kutoka chini mpaka juu akauliza huu ni bega mpaka kiwiko tu? Nikamwambia ndiyo, bega mpaka kiwiko. Akaenda kulala chini pembeni yake akaninyooshea mkono nimpimie na wake, umetoka sentimita 24.

Jirani yangu naye amekuja kaukuta ubao kauliza wa nini, Zulfa ndo aliyemweleza, alianzia kwa Boheti bin Amrani.

Mmwera nina swali moja kutoka kwake, anauliza ile mianzi walikuwa wanaikata wapi, ilikuwepo pale pale kilimani au nayo ilibebwa?

Mmwera wa Milola

Mwambie nimelipokea. Mwezi ujao naenda nyumbani, yule mzee aliyenipeleka kilimani bado yupo, nitamuuliza na jibu lake nitaliweka hapa hapa.